Fundo kwenye Kitufe cha Kushoto

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Swali ambalo nimehangaika nalo muda mrefu, na ambalo elimu ya chuo kikuu imelirefusha badala ya kulijibu, ni hili: mfanyakazi akivunja kanuni ya usalama kwa sababu akiifuata hawezi kumaliza kazi aliyopangiwa, ni nani hasa aliyeivunja? Yeye, au aliyempangia?

Nilizoea kulitafakari kwa raha. Swali la kuzungushwa akilini huku chai ikipoa. Wiki iliyopita likapata mkono. Mkono wa kushoto wa Bi Mkunjo, mpiga pasi hodari kuliko wote katika kiwanda chetu cha kufulia mashuka ya hoteli na hospitali. Bamba la juu la pasi ya mvuke lilishuka kiganja kikiwa bado ndani.

Pasi ile ina vitufe viwili, cha kushoto na cha kulia. Bamba halishuki mpaka vyote vibonyezwe kwa pamoja. Hekima yake ni nyepesi: mikono yote ikiwa kwenye vitufe, hakuna mkono unaobaki chini ya bamba. Lakini ukiifuata hekima hiyo shuka linajikunja, unalinyoosha, unabonyeza, linajikunja tena, na lengo la siku linakupita ukilitazama. Kwa hiyo wapiga pasi hukifunga kitufe cha kushoto kwa utepe uliochanwa kwenye shuka bovu. Kinabaki kimebonyea kutwa. Mkono wa kulia unabonyeza, wa kushoto unanyoosha. Kila mtu anajua. Hakuna aliyewahi kuona.

Leo Bosi ameniita. Mimi ni afisa utumishi. Nikiitwa, ujue kuna mtu anaondoka. Akafungua kitabu chetu cha kanuni na kunisomea ya kumi na nne: mfanyakazi yeyote atakayeingilia, kulegeza au kubatilisha kifaa cha kinga atafukuzwa kazi. Akanisifu kwa lugha. Kanuni hiyo niliitunga mimi. Neno "kubatilisha" nililitafuta siku nzima, na nililipenda.

Akaagiza kikao cha nidhamu Ijumaa ya wiki ijayo. Uamuzi anao tayari. Kazi yangu ni kuutengenezea njia. Nilimkumbusha, kwa upole unaostahili cheo chake, kwamba kikao ambacho uamuzi wake umeshapatikana si kikao. Naye akaniuliza kama bado nakitaka kile chumba chenye dirisha.

Chumba hicho kimekuwa wazi tangu msaidizi wake alipostaafu. Mimi nafanya kazi katika iliyokuwa stoo ya sabuni. Haina dirisha. Hata mawazo yangu yananuka dawa ya madoa. Mshindani wangu ni msimamizi wa zamu, Jenereta, mtu anayenguruma tangu anapoingia mpaka anapotoka na asiyezimika hata akitafuna. Nikamjibu Bosi kwamba dirisha lile linaelekea upande mzuri. Hilo ndilo jibu nililolitoa! Mkono wa mtu umeungua, nami nazungumzia upepo.

Hata hivyo nina mpango. Sitampinga Bosi uso kwa uso. Nitamwongoza augundue ukweli mwenyewe, audhani wake, na chumba kisipotee. Nilipomweleza Shangazi, ambaye anaishi kwangu ila husema mimi ndiye ninayeishi kwake, akasema eti naona unataka kumfunga paka kengele huku umemshikia bakuli la maziwa.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimekwenda kumtazama Bi Mkunjo kwake. Chumba kimoja na ukumbi, mapazia yamenyooka kama yamechorwa. Mkono umefungwa bandeji hadi kiwiko. Nikampa pole. Akaniambia nisiwe na huzuni, Madamu, hakuna mkono uliopigwa pasi vizuri kama huu, hauna kunyanzi hata moja. Akacheka peke yake.

Nikamweleza haki zake. Kwamba mwajiri ana wajibu wa kumpa mashine salama na lengo linalofikika kwa usalama. Kwamba hawezi kufukuzwa bila sababu ya haki wala bila kusikilizwa. Kwamba ana haki ya kuelezwa tuhuma, kujitetea, na kufuatana na mwenzake wa kumsemea. Nilieleza vizuri, nilijisikia mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza kama haki hiyo inaweza kushika ndoo, maana maji yamejaa uani na mama mkwe mgongo unamuuma.

Nikaibeba ndoo. Nikalowesha viatu.

Akanieleza jambo nisilolijua. Utepe hawakuubuni wapiga pasi. Kila anayeajiriwa, asubuhi ya kwanza, Jenereta humpokea mlangoni, humpa aproni na utepe, na humfundisha fundo. Ni kama kupewa funguo za nyumba. Asiyejua fundo hamalizi wiki. Nikamuuliza kama wenzake watakubali kulisema hilo kikaoni. Akaniuliza mimi nimeajiriwa lini, kwani naonekana mgeni.

Linalonitia hofu zaidi ni kwamba yeye mwenyewe anataka kukiri. Kwa majivuno! Anasema fundo lake halijapata kufunguka, na kama bamba lilishuka vibaya ni kwa kuwa shuka lilikuwa la hoteli ile yenye mashuka mazito. Nikamsihi asiseme hivyo mbele ya Bosi. Akasema basi aseme nini, kwamba jini ndilo lililofunga?

Akifukuzwa, nani atamwajiri mpiga pasi mwenye mkono mmoja? Hilo hakuliuliza yeye. Nimelibeba mimi mwenyewe hadi nyumbani, pamoja na viatu vilivyolowa.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mpango wa kwanza umetekelezwa. Niliuita Siku ya Uongozi Kujionea Kazi. Nilimwambia Bosi kwamba viongozi wa kisasa hushuka sakafuni na kushika kazi kwa mikono yao. Akavutiwa na neno "kisasa." Hesabu yangu ilikuwa hii: atasimama kwenye pasi, atabonyeza vitufe viwili kama kanuni isemavyo, shuka litajikunja, jasho litamtoka, lengo litamshinda, naye atatamka kwa kinywa chake kwamba kazi hii haiwezekani. Niliandaa hata kiti cha kumpumzishia.

Bosi akavaa aproni. Kiwanda kizima kikasimama. Akabonyeza vitufe viwili kwa vidole vya shahada, kama mtu anayezindua daraja. Nikasubiri shuka lijikunje.

Halikujikunja! Jenereta alikuwa kando yake, analinyoosha kila linapolegea, analitoa, anatandika jingine, huku akinguruma sifa. Watu wawili kwenye mashine ya mtu mmoja. Na hayakuwa hata mashuka. Jenereta alimletea foronya. Lengo likafikiwa Bosi akiwa bado anatabasamu.

Akavua aproni na kutoa hotuba. Alisema amejionea kwa macho yake kwamba vitufe viwili havicheleweshi mtu, kwamba wanaofunga utepe ni wavivu wa mikono, na kwamba kwa kuwa yeye, mtu wa ofisini na mwenye kisukari, ameliweza lengo, basi kuanzia Jumatatu lengo lipandishwe.

Makofi yalikuwa machache. Mama mmoja wa upande wa kuanika akauliza kwa sauti ya kunong'ona iliyofika mpaka mlangoni: hii sherehe nani kaileta? Nyuso zote zikanigeukia.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Hakuna aliyeniamkia leo. Kwenye birika la chai ya wafanyakazi nilikuta mashapo tu. Sina hakika kama ni bahati mbaya.

Najiuliza kama mpango ulikuwa mbaya au ulitekelezwa vibaya. Nadhani ulitekelezwa vibaya. Nikiwa mkweli, sina ushahidi wa kudhani hivyo.

Mpango wa pili. Mkaguzi wa kazi! Kuna ofisi ya serikali yenye mamlaka ya kuingia kiwandani, kutazama mashine na kumwambia mwajiri analopaswa kusikia. Akija akaona tepe kwenye pasi zote, ataelewa kwamba huo si ukaidi wa mtu mmoja, ni mwenendo wa mahali. Na mwenendo wa mahali ni mzigo wa mwenye mahali. Kikao cha Bi Mkunjo kitakosa miguu. Nami sitakuwa nimemkabili mtu.

Nikampigia mkaguzi kwa simu ya muuza vocha, nimefunika mdomo kwa leso na kuikaza sauti iwe nzito. Nikajitambulisha kama raia mwema. Nikaeleza yote. Akanisikiliza, akauliza kama kuna la kuongeza, kisha akasema asante sana, na mafua hayo uyatibu, na je, bado unaazima vitabu vya watu bila kuvirudisha? Tulisoma darasa moja. Anasema katika maisha yake amemjua mtu mmoja tu anayesema "kwa mujibu wa" mara tatu katika sentensi moja akiwa na hasira.

Ameahidi kunihifadhi jina. Atakuja Jumatano. Ila sheria yao inamtaka ampe mwajiri taarifa kabla.

Kabla! Nikamuuliza mwizi naye hupelekewa taarifa? Akasema hiyo ni hoja nzuri, niiandike nimpelekee.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Taarifa imefika. Bosi akaisoma kwa sauti na kunitazama, nikaangalia kalenda. Akasema kuna nyoka ndani ya nyumba. Kikulacho ki nguoni mwako, akanguruma Jenereta, na katika kiwanda cha nguo methali hiyo ilichukua nafasi kubwa mno.

Tepe zote zimekatwa. Jenereta amepita na mkasi, pasi hadi pasi, akizifungua zile alizozifundisha. Kuta zimepakwa rangi mpaka urefu wa macho ya mkaguzi. Niliagizwa nitunge mabango ya usalama. Nikayatunga. Siwezi kutunga vibaya. Hilo nalo ni tatizo langu. Moja linasema: "Mikono Miwili, Maisha Mamoja." Jenereta akaniuliza kama ni "mamoja" au "moja." Nikamwambia ni usanifu. Sasa nina wasiwasi.

Kazi imekwama, kama nilivyotaka Bosi aone Alhamisi. Kwa vitufe viwili mashuka yanarundikana hadi dirishani. Lakini Bosi haoni, kwa sababu Jenereta anayapakia kwenye lori na kumwambia dereva azunguke mjini nayo hadi ukaguzi upite. Mashuka ya hospitali yanatembezwa kama maharusi.

Jumatano mkaguzi ataona kiwanda safi, vitufe huru, na mabango mazuri. Ataandika kwamba hapa usalama unaheshimiwa. Ijumaa Bosi ataiweka ripoti hiyo mezani na kusema: mnaona? Aliyefunga utepe alikuwa mmoja tu.

Mimi ndiye niliyemletea silaha hiyo. Nimeipeleka mpaka mkononi. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini mimi nimechimba nikamtumbukiza mgonjwa.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Nataka kuandika kwa utulivu. Sijui kama nitaweza.

Asubuhi niliwaza hivi: ukweli wa kiwanda hiki ni utepe kwenye kitufe. Jenereta ameuondoa ukweli. Kwa hiyo anayeurudisha utepe haubuni uongo. Anaurejesha ukweli mahali pake. Hoja ilinipendeza. Niliipima pande zote nikaiona imara. Mtu akiwa na hoja imara namna hiyo yampasa aketi na kunywa maji.

Mimi niliingia ukumbi wa pasi wakati wa chakula cha mchana. Mashine zimezimwa, watu wako nje, mvuke wa mwisho unadondoka kwenye mabomba. Nikaenda pasi ya Bi Mkunjo. Utepe sikuwa nao. Nikachana ukingo wa mtandio wangu. Nikauzungusha kwenye kitufe cha kushoto. Ukateleza. Nikauzungusha tena, nikapitisha chini, nikavuta kwa meno. Nina shahada mbili na sijui kufunga fundo! Mara ya mwisho likashika. Lilishika vizuri mno. Lilikuwa limeshika kitufe, ukingo wa mtandio, na mtandio wote uliobaki, ambao ulikuwa shingoni mwangu.

Nilivuta. Likakaza. Nikasikia Jenereta akinguruma mlangoni: na huku, mheshimiwa mkaguzi, ndiko kwenye pasi.

Wakanikuta nimeinama, shavu limelala juu ya kitufe kama mtu anayesikiliza moyo wa mashine. Bosi. Jenereta. Mkaguzi. Kisha mkaguzi, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kuniona maishani, akauliza mwanamke huyu ni nani.

Jenereta hakujizuia. Furaha ilimzidi busara. Huyo, akasema, ndiye Madamu afisa utumishi, mwakilishi wa uongozi, tena ndiye aliyeitunga kanuni ya kumi na nne inayokataza mambo hayo hayo anayoyafanya!

Mkaguzi akaandika. Aliandika kila neno la Jenereta, na "mwakilishi wa uongozi" akamwomba alirudie.

Bosi akaukata mtandio kwa mkasi ule ule wa Jenereta.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Ajabu! Nimeisoma ripoti mara nyingi na bado siiamini.

Mkaguzi amesema: kwa kuwa mtu wa uongozi, mtunzi wa kanuni, amekutwa akifunga kifaa cha kinga saa za kazi, ni dhahiri kwamba ufungaji huo unajulikana na kukubaliwa na mwajiri. Mwajiri hawezi kumwadhibu mfanyakazi kwa kufanya kile ambacho uongozi wenyewe unakifanya. Mashine isiyo salama ni dhima ya mwajiri. Bi Mkunjo asifukuzwe. Atibiwe kwa gharama ya kiwanda, na akipona apewe kazi inayoendana na mkono wake.

Kikao cha kesho kimefutwa. Ameshinda. Tumeshinda! Nilitaka kupiga kelele ofisini, lakini stoo ya sabuni ina mwangwi.

Halafu nikaletewa barua yangu. Natuhumiwa kuingilia, kulegeza na kubatilisha. Nilipofika kwenye "kubatilisha" niliona haya.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Nimelieleza jambo zima kwa Shangazi, nikitaka aniambie la kufanya. Akasema mwambie ukweli huyo Bosi wako: sikuwa nafunga, nilikuwa naonyesha walivyokuwa wakifunga. Msema kweli mpenzi wa Mungu.

Hapo ndipo penye mwiba, Shangazi. Nikisema utepe ule niliuweka ili mkaguzi auone, ripoti inaanguka. Ripoti ikianguka, kikao cha Bi Mkunjo kinarudi. Haki yake ni ya kweli, lakini imetundikwa kwenye fundo la uongo, na fundo ni langu.

Shangazi akafikiri sana. Akasema basi nyamaza. Kisha akasema afadhali ungenyamaza tangu mwanzo.

Jumatano, tarehe 19 Machi

Kikao changu. Nimekalia kiti nilichowakalisha wengine. Sikuwahi kujua kwamba mguu wake mmoja ni mfupi.

Nikaomba haki yangu ya mwenzangu wa kunisemea. Mwakilishi wa wafanyakazi akasema kwa masikitiko kwamba mimi si mfanyakazi, ni uongozi. Kila mtu anajua. Bosi akasema kwa masikitiko vilevile kwamba leo mimi si uongozi, ni mtuhumiwa. Nikatafuta kwenye kitabu cha kanuni mtu wa namna yangu ameandikwa wapi. Sikumwona. Mtunzi alimsahau.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Bi Mkunjo, mkono umetundikwa shingoni. Akaketi kwenye kiti cha mwenzangu. Moyo ukanijaa! Bosi akamuuliza kama amekuja kunisemea. Akasema la, amekuja kutazama, maana kikao chake kilifutwa na alikuwa ameshashonesha gauni.

Jenereta akaulizwa aliona nini. Akaigiza mpaka nilivyolaza shavu. Watu walicheka, Bi Mkunjo alicheka kuliko wote, kisha akanikanyaga mguu chini ya meza, na sikujua kama ni pole au onyo.

Nikaulizwa kwa nini nilifunga. Nilikuwa na ukweli mdomoni, wote, umepangika aya kwa aya. Nikautazama mkono ule uliotundikwa. Nikasema: nilifunga kwa sababu nilifunga.

Sentensi fupi kuliko zote nilizowahi kusema hadharani. Bosi akasubiri inayofuata. Haikuja.

Nimekuwa nikijipongeza kwa ukimya huo tangu nitoke, na sasa nauona una doa. Je, nilinyamaza kwa ajili yake? Au kwa sababu ukweli mzima ungefichua kwamba mpiga simu mwenye mafua ni mimi? Mambo yote mawili yalikuwa mdomoni kwa pamoja. Ukifunga mdomo, unafunga yote, na baadaye huwezi kujua lipi ndilo ulilolifungia.

Adhabu: sifukuzwi, maana Bosi sasa anawaogopa wakaguzi. Nahamishwa. Chumba chenye dirisha kapewa Jenereta. Mimi nimepewa, kwa maneno ya Bosi mwenyewe, madirisha manne.

Jumatatu, tarehe 31 Machi

Kibanda cha getini kina dirisha kila upande. Nawaona wote na wote wananiona. Jenereta amehamia chumba nilichokitaka na hajafungua pazia hata siku moja.

Kazi yangu ni kizuizi. Lori likija nakiinua kwa kamba, likipita nakishusha, kwa sababu njia hiyo hiyo ndiyo wafanyakazi wanayoivuka kwenda chooni na kwenye kuanika. Kanuni ya ishirini na mbili: kizuizi kishushwe baada ya kila gari, bila kisingizio. "Bila kisingizio" niliiongeza mimi kwenye rasimu ya mwisho, kwa ajili ya mdundo.

Lengo lililopandishwa halijashushwa. Ripoti ya mkaguzi ilisema mengi juu ya vitufe. Juu ya lengo haikusema neno, kwa kuwa mimi kwenye simu nilisahau kulitaja. Kwa hiyo malori yanaingia na kutoka kama sisimizi. Bega langu la kulia haliinuki zaidi ya sikio. Madereva wanapiga honi, Madamu, tutazeekea hapa?

Bi Mkunjo amerudi kazini, meza ya kukunja. Mkono umepona kwa namna yake. Vidole viwili havijinyooshi, naye anavitumia kushikia pini. Leo amepita kuniamkia. Nikamuuliza kuhusu pasi yake. Akasema kaajiriwa binti mwingine, mwepesi, mchangamfu. Nikauliza kuhusu kitufe. Akatazama pembeni, akasema hali ya hewa ni nzuri.

Nikakasirika. Nikamwambia haiwezekani, baada ya yote yale! Nikamweleza wajibu wa mfanyakazi wa kujilinda yeye na wenzake, kwamba haki bila wajibu ni chungu bila kitako. Nina mpango, nikamwambia. Safari hii haumhusu mkaguzi. Nitamwandikia Bosi ushauri usio na jina. Alikuwa hanisikilizi. Alikuwa anaangalia juu ya kichwa changu, kwenye nguzo.

Nilikuwa nimekifunga kizuizi kikiwa juu, kisishuke. Kwa muda tu, mpaka msafara wa mchana upite. Nilitumia kilichobaki cha mtandio. Bega linauma, na malori ni mengi, na hakuna aliyekuwa akivuka wakati ule. Yaani, sikuona aliyevuka.

Bi Mkunjo hakusema lolote la busara. Alikitazama kile nilichokifunga kwa karaha ya fundi, akasema Madamu, hicho kitakuangukia kichwani, si hivyo. Akapanda kwenye kiti changu, akalifungua fundo langu na kulifunga upya kwa mkono wa kulia na meno. Halitetereki. Akashuka, akavuka njia chini ya kizuizi kilichosimama wima, akasubiri lori moja limpite karibu sana, akaniaga kwa kunipungia vidole vitatu.

Ni nani hasa anayeivunja kanuni? Bado sijui. Nilikusudia kulitafakari upya leo, sasa ninapolitazama kutoka upande huu wa geti, na nadhani nilikuwa nakaribia jibu. Lakini kwa kitu kinachohitaji mikono yote miwili, mtu hupata nafasi ya kufikiri pale tu anapokuwa amekifunga. Na nikishakifunga, siwezi tena kukiamini ninachokifikiri.

Honi tena. Lori limepita bila mimi kusimama. Ama kweli, fundo linarahisisha.